SOMO: Kufunga taa mpya na rilei kwenye Hilux ya balbu za H4

Hilux za miaka ya 90 zinazotumia balbu ya H4 (yenye nyuzi mbili ndani: dimu, mwanga wa chini, na fulu, mwanga wa mbali) zinalalamikiwa sana kwa taa hafifu. Mwenye gari anang'oa taa za zamani, anafunga mpya za dukani, na usiku barabara bado inamulikwa kama kwa kibatari. Mara nyingi kosa haliko kwenye taa. Umeme unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya kabini, unapita swichi ya usukani iliyochakaa, kisha unarudi mbele kwa waya mwembamba. Ukifika kwenye balbu umeshachoka, na balbu ya halojeni haivumilii hilo: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30.

Kabla ya kununua chochote, pima. Washa injini na taa za dimu. Soma volti kwenye betri, kisha nyuma ya soketi ya balbu ikiwa imechomekwa, ncha moja ya mita kwenye pini ya dimu na nyingine kwenye pini ya pamoja (inayotumiwa na nyuzi zote mbili). Betri ikisoma 14.0 na balbu 12.2, volti 1.8 zimepotea njiani. Tofauti ikizidi 0.5, rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa moja kwa moja kutoka betri) zitakusaidia. Ikiwa chini ya hapo, usihangaike na waya. Angalia kama kioo kimepauka au rifleta (sehemu ya ndani inayorudisha mwanga) imechubuka.

Vifaa: rilei 2 za pini nne, volti 12, ampea 30 au 40, pamoja na soketi zake. Fyuzi 2 za ampea 15 na vishikizo vyake visivyopitisha maji. Soketi 2 mpya za H4, za kauri ukizipata, maana za plastiki nyepesi huyeyuka. Waya wa milimita za mraba 4, mita 2, wa kutoka betri, wa 2.5, mita 8, wa kwenda kwenye taa na bodi (chuma cha gari, njia ya umeme kurudi hasi ya betri). Wa 1, mita 2, wa kuamsha rilei. Ongeza tamino (vichwa vya waya) za kubana na bomba la plastiki lenye mikunjo. Hesabu ya fyuzi ni hii: fulu mbili za wati 60 ni wati 120, gawa kwa 12 unapata ampea 10. Fyuzi ya 15 inatosha. Ya 30 italinda rilei na kuacha waya uungue.

Sasa sehemu inayowakwamisha mafundi wengi. Toyota nyingi za miaka hiyo hazikati umeme upande wa chanya. Chanya inakaa kwenye pini ya pamoja ya balbu, na swichi inaunganisha dimu au fulu kwenye bodi, yaani inawasha kwa hasi. Ukifunga rilei kwa mchoro wa gari la kawaida, hakuna kitakachowaka, au fulu na dimu zitawaka pamoja.

Kujua gari lako ni la aina gani, chomoa soketi za taa ZOTE MBILI. Ukiacha moja imechomekwa, umeme utazunguka kupitia nyuzi za balbu iliyobaki na mita itakudanganya. Weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, washa dimu, gusa kila pini kwa ncha nyekundu, kisha badilisha kwenda fulu urudie. Kama volti 12 zinahama kutoka pini moja kwenda nyingine, gari linawasha kwa chanya. Kama pini moja ina volti 12 muda wote, dimu na fulu, linawasha kwa hasi. Andika kwenye karatasi pini ipi ni ipi.

Fungua hasi ya betri ndipo uanze kazi. Funga rilei karibu na betri, pini zikitazama chini ili maji yasitulie ndani. Kutoka chanya ya betri vuta waya wa 4, uugawe mara mbili, kila tawi lipite kwenye fyuzi yake ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kisha liingie pini 30 ya rilei. Kipande kisicho na fyuzi kikichubuliwa na chuma ni moto. Pini 87 ya rilei ya kwanza inakwenda dimu za taa zote mbili, ya pili inakwenda fulu. Pini ya pamoja ya kila soketi mpya inakwenda bodi.

Za kuamsha ni 85 na 86, na zinatoka kwenye soketi moja tu ya zamani. Gari la chanya: 86 ya rilei ya dimu kwenye pini ya dimu, 86 ya rilei ya fulu kwenye pini ya fulu, 85 zote mbili kwenye pini ya pamoja. Gari la hasi geuza: 86 zote mbili kwenye pini ya pamoja, 85 moja dimu na nyingine fulu. Usibadilishane 85 na 86 kiholela, kwani rilei yenye dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani italeta shoti. Soketi ya pili ya zamani ifunge vizuri kwa tepu, usiikate.

Waya wa bodi usifunge juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, bana kwa bolti, kisha paka grisi juu. Bodi ikiwa mbovu utaiona mara moja: ukiweka dimu, uzi wa fulu nao unakuwa mwekundu kwa mbali, maana umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa ya pili.

Mwisho elekeza taa. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, kwenye sakafu tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu pikapu ikibeba nyuma pua inanyanyuka. Mstari wa juu wa dimu ukae sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa.

MASWALI

Asante kwa somo mkuu. Nikishaweka rilei, naweza kutumia balbu za 100/90 (wati 100 za fulu, 90 za dimu)?

Waya utamudu ukiweka fyuzi ya 20, lakini taa haitamudu. Joto linababua rifleta na kupausha kioo cha plastiki. Weka 60/55 nzuri, ipate volti zake kamili, kisha uamue.

Fundi, yangu ni ya hasi. Kila kitu kinawaka ila taa ya bluu ya dashibodi, na nikiweka fulu rilei ya dimu wakati mwingine haiachii.

Taa hiyo ya bluu inapata chanya kupitia uzi wa dimu uliopumzika. Sasa inapita kwenye koili ya rilei (waya uliosokotwa kati ya 85 na 86 unaoiamsha), ambayo upinzani wake ni mkubwa. Unganisha balbu ndogo ya wati 5 kati ya 85 na 86 za rilei ya dimu, uifiche mahali pakavu. Umeme wa taa ya bluu utapita humo na rilei itaachia.

Rilei inalia tiktiktik gari likiwa halijawashwa.

Koili haipati volti za kutosha. Pima betri kwanza, kisha kaza tamino za 85 na 86. Ukikuta mojawapo ina kutu ya kijani, kata uibane upya.

Habari za kazi. Niko Bukavu, taa nimeagiza Dar. Kila gari ninalopishana nalo linanipigia fulu.

Hapo rilei haihusiki. Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo dimu hunyanyuka upande wa kushoto. Huko kwenu Kongo mnaendesha kulia, na kushoto ndiko magari mnayopishana nayo yanakotokea. Angalia alama za kioo: mshale unaoelekea kulia kwako ukiitazama taa kwa mbele maana yake ni ya kuendesha kushoto. Isiyo na mshale ni ya kulia, na hiyo ndiyo yako. Kuishusha kwa skrubu kutakupunguzia mwanga bila kuondoa tatizo, badilisha taa.