Somo: Kupanga safari ya Miyajima kwa kufuata bamvua

Wengi wanaokwenda Miyajima huanza na tiketi ya ndege, wakamalizia na hoteli, halafu wakafika kisiwani siku yoyote iliyowaangukia. Wanakuta lango jekundu limesimama juu ya mchanga na tope, watu wakilizunguka na viatu mkononi. Lango linaloelea baharini walilokuwa wameliona kwenye picha lilipigwa saa nyingine, na pengine siku nyingine kabisa. Kwa hiyo hapa tutaanza na maji. Tiketi itafuata.

Kwanza, kisiwa chenyewe kwa ufupi. Kipo Bahari ya Ndani ya Seto, mkoa wa Hiroshima, magharibi mwa Japani. Jina lake rasmi ni Itsukushima, ila kila mtu husema Miyajima. Kinajulikana kwa hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani) lililojengwa juu ya nguzo ufukweni. Mapokeo yanasema lilianzishwa mwaka 593, na sura yake ya sasa inatokana na Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa Taira, aliyelijenga upya mwaka 1168. Kisiwa kizima kilihesabiwa kitakatifu, ndiyo maana hekalu likawekwa majini badala ya nchi kavu, na wageni wakawa wanaingia kwa mashua kupitia lango. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa maji

Msomaji wa Pwani hapa ana nafasi nzuri kuliko mtalii mwingine yeyote, kwa sababu bamvua (siku maji yanapojaa sana na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapopanda na kushuka kidogo tu) hahitaji kufundishwa. Bahari ya Seto hupanda na kushuka karibu kama ya Zanzibar, hadi mita nne siku za bamvua kubwa. Idara ya hali ya hewa ya Japani hutoa jedwali la maji la mwaka mzima mapema. Tafuta la Hiroshima, kisha shika namba mbili tu. Maji yakifika sentimita 250 na zaidi, hekalu na lango huonekana vinaelea. Yakishuka chini ya sentimita 100, unatembea kwa miguu hadi kwenye nguzo za lango.

Sasa sikiliza vizuri. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi wanawake wako kwenye mwani. Kule ni kinyume chake: siku za bamvua maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na hupwa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni. Maana yake ni kwamba ukichagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, utayaona yote mawili mchana mmoja: asubuhi hekalu linaelea, alasiri unaligusa lango. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini, ile hesabu ya siku zote.

Kalenda ya Hijria iliyo ukutani inatosha kukupa mwanga wa kwanza. Tafuta tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 18. Tarehe 7, 8, 22 na 23 ziepuke kama unaweza, maana siku za maji mafu lango hushinda limesimama kwenye maji ya kimo cha kati, hayakujaa wala hayakupwa. Wajapani wenyewe walilijua hili zamani. Sherehe ya Kangensai, ambapo muziki wa kifalme hupigwa juu ya mashua usiku, hufanyika tarehe 17 ya mwezi wa sita wa kalenda yao ya kale ya mwezi, maji yakiwa makubwa.

Jambo moja la msimu. Kuanzia Machi hadi Mei maji ya mchana hupwa sana, na huo ndio wakati Wajapani huenda ufukweni kuchimbua chaza wadogo wa mchangani. Majira ya baridi mambo hugeuka, maji makavu zaidi huja usiku. Anayetaka kutembea hadi langoni mchana, achague machipuo.

Hatua ya 2: Linganisha na hali ya hewa na umati

Novemba majani ya miti iitwayo momiji huwa mekundu katika bonde la Momijidani, nyuma ya hekalu. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni maua ya sakura. Nyakati zote mbili ni nzuri na zimejaa watu. Juni ni mvua. Agosti joto lake ni la kunata kama Dar es Salaam ya Februari. Septemba kuna vimbunga, na vile vya 1991 na 2004 viliharibu hekalu vibaya. Wiki ya mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 Mei ni likizo ya taifa; hata bamvua iwe nzuri namna gani, ningeipita.

Hatua ya 3: Viza

Pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda zinahitaji viza kabla ya kusafiri. Omba ubalozi wa Japani ulio katika nchi unayoishi kihalali. Watakutaka ujaze ratiba ya siku kwa siku, wapi utalala na wapi utakwenda. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na jedwali la maji: ukifika kwenye fomu hiyo, tarehe ya Miyajima unayo tayari.

Hatua ya 4: Fika Hiroshima

Ukipata ndege ya kutua Kansai, Osaka, umeokoa nusu ya njia. Kutoka stesheni ya Shin-Osaka treni ya kasi, shinkansen, hufika Hiroshima kwa saa moja na nusu hivi. Kutoka Tokyo ni kama saa nne.

Pasi ya reli ya nchi nzima, JR Pass, ilipanda Oktoba 2023 hadi yeni 50,000 kwa siku saba. Kwa safari ya Osaka, Hiroshima na kurudi hailipi hata kidogo. Angalia pasi za kanda zinazouzwa na JR West, kampuni ya reli ya magharibi mwa Japani, au nunua tiketi ya kawaida. Mwenye JR Pass ajue pia kwamba treni za Nozomi, zilizo za kasi zaidi, zinamtaka alipe nyongeza.

Hatua ya 5: Vuka

Kutoka stesheni ya Hiroshima panda treni ya JR Sanyo hadi Miyajimaguchi, nusu saa pungufu kidogo. Tramu nayo inafika, ila huchukua zaidi ya saa moja. Ni ya mtu asiye na haraka anayetaka kuutazama mji. Ipo pia boti ya kasi inayotoka karibu na Bustani ya Amani katikati ya mji, kama dakika 45. Ni ghali zaidi, na maji yakiwa makubwa au madogo kupita kiasi safari zake hubadilika, kwa sababu hupita chini ya madaraja ya mto.

Miyajimaguchi kuna kampuni mbili za feri, zimekaa ubavu kwa ubavu, na safari ni dakika 10. Chagua ya JR. Mchana, ikielekea kisiwani, huzunguka kupita karibu na lango. Simama upande wa kulia. Tangu Oktoba 2023 kila mgeni hulipa kodi ya yeni 100 juu ya nauli, hata mwenye pasi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, ikiwa ni bamvua

Uwe umeshuka gatini kufikia saa mbili na nusu asubuhi. Hekalu hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, kiingilio ni yeni 300, na njia ya ndani ni ya kwenda mbele tu, hairudi. Tazama sakafu: mbao zimeachiwa nafasi makusudi, ili bahari ikipanda kwa nguvu maji yapenye badala ya kuinua jengo zima.

Kisha lango. La sasa ni la mwaka 1875, kimo chake kama mita 16, uzito kama tani 60. Nguzo zake mbili kubwa ni magogo ya mkafuri, mti ambao wadudu na maji haviupendi. Na halijachimbiwa ardhini. Limesimama kwa uzito wake, likisaidiwa na nguzo nne ndogo za pembeni, na boriti ya juu ni kama sanduku lililojazwa mawe ili kulikandamiza. Fundi wa majahazi atalitazama kwa muda mrefu. Lilifunikwa kwa matengenezo kuanzia 2019, likafunguliwa tena Desemba 2022.

Maji yakianza kushuka, ondoka ufukweni. Panda Mlima Misen, mita 535. Kuna gari la waya kutoka Momijidani, kama yeni 2,000 kwenda na kurudi, kisha nusu saa ya kutembea kwenye ngazi na mawe. Karibu na kilele kuna kibanda cha Wabuddha, Reikado, chenye moto unaosemekana uliwashwa na mtawa Kobo Daishi mwaka 806 na haujazimika. Moto huo ulikuwa mmoja wa mioto iliyotumika kuwasha Mwenge wa Amani ulioko Hiroshima mjini. Ukishuka, pitia Daisho-in, hekalu la Kibuddha chini ya mlima. Wengi hulipita bila kuliingia, na kwa maoni yangu ndipo mahali penye utulivu kuliko pote kisiwani.

Saa tisa au kumi rudi ufukweni, utembee hadi langoni. Viatu vya kulowa ni bora. Usichomeke sarafu kwenye nyufa za nguzo hata ukiona zipo nyingine; zinaharibu mti.

Kulungu wa kisiwani huzurura kila mahali. Usiwalishe. Na tiketi, ramani au risiti iliyochungulia mfukoni wataila.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa): Assalamu alaykum ndugu mwalimu. Mimi Muislamu, je, naweza kuingia hekaluni? Na chakula?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Hakuna anayekulazimisha ibada. Kunawa mikono mlangoni, kuinama na kupiga makofi ni kwa wanaoabudu. Wewe utapita kama mtazamaji. Kama moyo hautulii, lango na hekalu lote vinaonekana vizuri kutoka ufukweni, bure. Kuhusu chakula, Miyajima inasifika kwa chaza wakubwa wa kuchoma na mkunga juu ya wali. Chaza wa kuchoma na ndimu hawana tatizo, ila uliza kabla hawajatiwa mchuzi. Mkunga ndiye wa kuangalia: mchuzi wake mtamu kwa kawaida hupikwa na mirin au sake, vyote vina pombe. Okonomiyaki ya Hiroshima huwekwa nyama ya nguruwe. Sema "buta nashi", yaani bila nguruwe, na ujue bamba la kupikia ni lilelile. Mikate midogo ya momiji manju yenye maharage matamu inapatikana kila duka.

Swali (Tanga): Kulala kisiwani kuna faida, au ni kutupa pesa?

Jibu: Nyumba za wageni za kule ni ghali, hilo kweli. Lakini maduka hufungwa jioni, wageni wa siku moja huondoka, na lango huwashiwa taa hadi karibu saa tano usiku. Na siku za bamvua maji hujaa tena kati ya saa tatu na saa tano usiku, kwa hiyo utaliona likielea chini ya taa. Kama bajeti inaruhusu usiku mmoja tu wa anasa Japani nzima, ningeuweka hapa. Agiza chakula cha jioni kwenye nyumba ya wageni, maana nje hutapata kitu.

Swali (Muscat): Nakwenda na mama, magoti yanamsumbua. Ataweza?

Jibu: Ufukwe kutoka gatini hadi hekaluni ni tambarare, kama dakika kumi za mwendo wa kawaida, mpe ishirini. Sakafu ya hekalu pia haina mpando. Misen aiache, hata kwa gari la waya, kwa sababu baada ya kituo cha juu ni ngazi tupu. Mkifika, mama aketi mbele ya lango na chai, kaka, wewe upande peke yako.

Swali (Nairobi): Mimi niko Tokyo kikazi. Naweza kwenda na kurudi siku moja?

Jibu: Unaweza, lakini utakaa karibu saa kumi kwenye treni na feri, na kwa siku ya bamvua hutawahi maji ya asubuhi. Lala Hiroshima usiku wa kutangulia. Siku ile utakayofika, jioni uende Kuba la Bomu la Atomiki na Bustani ya Amani. Kuba hilo nalo liliingia UNESCO mwaka uleule wa 1996.

Swali (Dar es Salaam): Tarehe zangu zimeshapangwa na ofisi na zinaangukia maji mafu. Basi ndiyo nimekosa?

Jibu: Kama una siku mbili au tatu Hiroshima, weka Miyajima siku iliyo mbali zaidi na tarehe 8 au 23 ya mwezi wa Hijria, hata siku mbili huleta tofauti. Kama una moja tu, geuza mpango: asubuhi Misen na Daisho-in, na ufukweni uende saa jedwali linapoonyesha maji ya juu kabisa ya mchana, hata kama ni sentimita 220 tu.

Swali (Zanzibar): Ratiba za kule zinaandikwa 15:40, 16:10. Sisi wa saa za Kiswahili tutachanganyikiwa!

Jibu: Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Basi saa ya mkononi iache kama ilivyo tangu Zanzibar, usiiguse: ikionyesha 9:40, kule ni saa tisa na dakika arobaini alasiri kwa Kiswahili, yaani ile 15:40 ya kwenye ratiba. Simu itajibadilisha yenyewe, na feri uifuate ya simu.