Gari likinuka oili inayoungua: anza kutafuta juu, usianzie chini

Juzi shemeji yangu alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya feri, Probox yake imejaa mboga za Kongowea. "Shemeji, gari lanuka kama karai la mandazi lililosahauliwa motoni, na fundi asema injini ifunguliwe yote." Nikamwambia asimlipe mtu hata shilingi, akivuka aje moja kwa moja nyumbani Likoni. Injini yake ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimechoka ni gasketi, raba ya kuzibia, ya taped kava, kile kifuniko cha juu kabisa ya injini.

1. Jua unanusa nini

Klachi ikiungua hunuka kama karatasi iliyochomwa. Kulanti, maji ya kupoza injini, ikivuja harufu yake ni tamu tamu. Oili ya injini ikidondokea eksozi hutoa harufu nzito inayokaa kooni. Chungulia pia chini ya gari kabla ya lolote: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini vipande vya gunia la nailoni bado vinaokotwa barabarani na kugandia eksozi. Nimewahi kuitwa na mtu kwa ajili ya kipande kama hicho.

Kisha tazama nyuma. Moshi wa samawati ukitoka kwenye bomba, injini inakula oili kwa ndani, na hapo maelezo yangu hayatakufaa.

Kwa nini harufu inakuja kwenye foleni na kupotea ukishika barabara? Gari likitembea upepo unaipeperusha. Likisimama, joto linapanda kutoka kwenye boneti na feni inavuta hewa hiyo kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Harufu ikipungua, chanzo kiko kwenye boneti.

2. Pima oili

Ikipungua chini ya alama ya chini kwenye kijiti cha kupimia, ongeza. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo ulipo.

3. Safisha kwanza

Injini ipoe kabisa. Tumia kitambaa na breki klina. Usikubali kupigiwa maji ya presha kwenye kaa woshi, maji yakiingia kwenye koili za plagi utaanza ugonjwa mwingine. Petroli, ambayo mafundi wetu wanaipenda sana kwa kuoshea, mimi siitaki karibu na eksozi.

4. Tafuta panapovuja

Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo ukiona sampu, lile beseni la oili chini ya injini, imelowa usikimbilie kununua gasketi ya sampu. Panda na unyevu huo mpaka ufike mahali pa juu kabisa palipolowa, hapo ndipo penye tatizo.

Kwenye injini ya 1NZ ya Probox, eksozi iko upande wa nyuma, imeelekea ukuta wa kabini, na taped kava iko juu yake. Ukingo wa nyuma ukivuja, matone yanaangukia chuma cha moto na wewe uliyesimama mbele huoni kitu. Washa tochi ya simu, rekodi video, pitisha simu nyuma ya injini polepole, kisha itazame kivulini. Kama bado huna hakika, pakaza poda ya mtoto kwenye ukingo uliosafishwa, endesha hadi Ng'ombeni na kurudi. Ya shemeji ilirudi na mstari wa kahawia kwenye poda, mwembamba kama uzi, kona ya upande wa cheni.

Kama harufu ilianza siku uliyobadilisha oili, yaelekea ni oili iliyomwagika, au raba ya filta ya zamani ilibaki imeganda na filta mpya ikafungwa juu yake. Hiyo ya pili usiichezee, inaweza kumwaga oili yote.

5. Badilisha gasketi

Toa koili, legeza bolti na nati kwa spana namba 10, inua kava. Kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye kurudisha.

Mara yangu ya kwanza niliweka gasketi mpya, nikafunga, nikajisifu. Siku ya pili harufu ikarudi. Nikafungua tena, nikanunua gasketi nyingine, nikakaza kwa nguvu zaidi, na bolti moja ikakatika mkononi. Jumamosi yangu yote iliishia kwenye bolti ile. Kosa halikuwa gasketi. Pale kava ya cheni, kifuniko cha ubavuni mwa injini, inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini kilicho chini ya taped kava, kuna viungo viwili, kimoja kila upande, na gasketi peke yake haizibi pale. Vinataka tone la silikoni, kiasi cha punje ya kunde tu. Ukipaka ukingo wote kama mtu anayesiliba ukuta, ziada itamegekea ndani na kuzunguka na oili.

Kabla ya silikoni, kwangua ya zamani yote kwa kipande cha plastiki. Bisibisi itakwaruza alumini. Futa mpaka pakauke, maana silikoni haishiki penye oili. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko miwili au mitatu. Kipimo ni nyutoni mita 10 tu, na mkono uliozoea nati za gurudumu hautaamini udogo wake. Mimi sikubali tena kufunga bila spana ya kupimia, hata kama ni ya kuazima. Kisha liache gari lilale.

6. Vumilia siku chache

Oili iliyokwisha kudondokea eksozi, na ile iliyojificha nyuma ya bati la kukinga joto, lazima iungue iishe. Shemeji alipiga siku ya tatu: "Bado lanuka kidogo." Nikamuuliza kama poda tuliyopaka upya imelowa. Akasema nyeupe pe. Nikamwambia aendelee kubeba mboga.