Ukidhulumiwa na polisi Kenya: vile unapeleka malalamishi IPOA yasife njiani

Kama umepigwa na askari, ama ndugu yako amepigwa risasi, ama mtoto wa jirani ameingia seli akiwa mzima akatoka akibebwa, soma hii yote kabla hujafanya kitu. Nimeandamana na familia kadhaa hapa Mombasa kwa mambo haya na karibu zote zilianza kwa kosa lile lile, yaani hasira inapanda mtu anarudi stesheni kugombana na wale wale waliomuumiza. Usirudi. Enda hospitali kwanza. Kesi nyingi za askari hufa zile siku mbili za mwanzo, IPOA, ile mamlaka ya raia inayochunguza makosa ya polisi, hawajasikia hata jina lako, manake uvimbe umeshuka, shati limefuliwa, vidio imefutwa na mkononi hakuna karatasi hata moja.

Na ukifika hospitali mwambie daktari ukweli, tena mwambie kwa maneno kamili, "nimepigwa na polisi, kwa rungu, hapa na hapa, jana saa mbili usiku". Kuna kijana wa bodaboda nilikaa naye benchi la kungoja, mkono wa kushoto umevimba vidole havikunjiki, na askari aliyemleta alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Daktari akamuuliza umefanyaje, kijana akaangalia mlango, akasema nimeanguka na pikipiki. Daktari akaandika hivyo hivyo, ameanguka na pikipiki. Yale maneno matatu yalitusumbua miezi. Kila tulipopeleka faili mtu anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma, anatuangalia. Kwa hivyo kama kuna askari amesimama karibu, mwombe daktari au nesi mbaki wawili kwanza, una haki hiyo, na kama haiwezekani basi rudi kesho yake hospitali nyingine ya serikali ukaandikishe upya ukieleza kwa nini jana ulisema vingine.

Omba kopi ya kila kitu, karatasi ya matibabu, eksrei, risiti ya dawa. Piga picha majeraha siku hiyo hiyo alafu rudia siku ya tatu, manake alama za rungu hutoka vizuri zaidi baadaye. Nguo zenye damu usifue, zikaushe kivulini uziweke kwa bahasha ya khaki ama gazeti, sio mfuko wa plastiki, plastiki inaozesha. Na kama ni kubakwa au kudhalilishwa kimwili na askari, usioge, wahi hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili upate dawa za kuzuia virusi vya HIV, na waambie wakujazie fomu ya PRC, ile ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa, hio ni tofauti na P3 nitakayoeleza sasa hivi na zote mbili utazihitaji.

P3 sasa. Hii ndo fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuonyesha umeumizwa kiasi gani, na shida ni kwamba inatoka stesheni, yaani unaenda kuomba karatasi kwa wenzake yule aliyekuumiza. Si lazima iwe stesheni ile ile. Enda nyingine, enda na mtu mzima anayeheshimika mtaani, mzee wa mtaa au imamu au pasta, ripoti kwa kaunta na usitoke bila namba ya OB, kile kitabu cha stesheni cha kuandikia matukio. Fomu yenyewe ni bure. Wakikataa kukuandikia OB usipige kelele, andika kwa daftari tarehe, saa, jina la aliyekataa au namba yake ya kazi, na nani alikuwa na wewe, kisha toka. Kukataliwa huko nako kunaingia kwa malalamishi yako na niamini, kuna uzito.

Juu ya kumtambua askari: sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba ya kazi mahali panapoonekana. Wengi wanaficha, lakini bado kuna vitu vya kushika. Namba ya gari, yale ya serikali huanza na GK, na kama ni gari la kiraia lisilo na alama ndo kabisa usikose namba yake. Rangi ya sare, kama ni ya bluu au ya kijani. Jina walilomwita mwenzao. Kovu, ndevu, lafudhi, alikuwa na bunduki au rungu na alishika mkono gani. Andika usiku huo huo kabla hujaanza kusikia watu wengine wanavyosimulia, manake ukisikia hadithi ya jirani mara tatu unaanza kuikumbuka kama yako na huko mbele wakili wa askari atakubana hapo hapo.

Vidio mwachie mwenye simu abaki nayo kama ilivyo. Ukiituma kwa WhatsApp kama vidio ya kawaida inabanwa na ile saa na tarehe ya ndani inapotea, kwa hivyo itume kama dokyumenti, au ihamishe kwa fleshi na memori kadi mbili mkae nazo watu tofauti. Na tafadhali usiirushe mitandaoni kabla ya kuhifadhi kopi na kujua nyuso za mashahidi gani zinaonekana ndani. Ganda la risasi ukiliona chini usiliokote, weka sarafu pembeni upige picha, mwache mtu alilinde mpaka wachunguzi wafike.

Sasa IPOA wenyewe ni nani. Ni Mamlaka ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ilianzishwa kwa sheria ya 2011 na ikaanza kazi 2012, baada ya tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za uchaguzi wa 2007 kuona kwamba polisi hawawezi kuachwa wajichunguze wenyewe. Ni ya raia, haiko chini ya Inspekta Jenerali. Wana nguvu ya kuingia stesheni, kudai OB na rejista ya bunduki, kuita maafisa wahojiwe. Lakini hawashtaki. Wakimaliza uchunguzi faili inaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na yeye ndo anaamua kama kesi inaenda kortini. Watu wengi hawalijui hili, wanakasirikia IPOA kwa faili ambayo ishatoka mikononi mwao kitambo, kwa hivyo ukifuatilia uliza kwanza faili iko wapi.

Jua pia nani hawamgusi. Kanjo wa kaunti si polisi, askari wa KWS, wale wa wanyamapori, si polisi, mwanajeshi si polisi, askari wa magereza pia. IPOA ni kwa Kenya Police, AP (polisi wa utawala) na wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Rushwa tupu ya barabarani peleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Na kosa la nidhamu kama matusi au kukuzungusha bila huduma, mara nyingi IPOA watalisukuma kwa Internal Affairs, kile kitengo cha ndani cha polisi. Mie sipendi hilo lakini ndivyo ilivyo, vifo na majeraha makubwa na dhuluma za kingono ndo hutangulia, kwa hivyo kama ulitukanwa alafu ukavunjwa mbavu anza na mbavu.

Kupeleka yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nairobi ofisi kuu iko ACK Garden Annex, 1st Ngong Avenue, na kuna ofisi Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Garissa, Nyeri na kwingine. Unaweza kupiga 1559 ambayo ni bure, kuandika barua, kutuma imeli au kujaza fomu ya tovuti yao. Hulipi hata shilingi na hauhitaji wakili. Hujui kuandika? Ongea, wao wataandika, ila wakusomee kabla ya kuweka kidole. Si lazima uwe wewe uliyeumizwa, mama anaweza kulalamika kwa niaba ya mwanawe, jirani anaweza, hata mtu asiyetaka jina lake lijulikane, ingawa malalamishi yasiyo na jina ni magumu kuyachunguza kwa sababu hakuna wa kumrudia kwa swali la pili.

Ukiandika, andika kama unamsimulia mtu aliyekuwa mbali. Tarehe, saa, mahali (si "mtaani", bali "nje ya kinyozi cha kijani kando ya msikiti"), nani alifanya nini kwanza, nini kikafuata. Wacha maneno kama "kikatili" na "kinyama", sema alinipiga mara nne kwa kitako cha bunduki begani, hio inatosha na inauma zaidi. Usiongeze chumvi hata kidogo. Kama uliwarushia jiwe sema ulirusha jiwe, maana kosa lako halimpi askari ruhusa ya kukuvunja mguu ukiwa ushafungwa pingu, na uwongo mdogo ukijulikana unabeba ukweli wote ukaenda nao. Ambatisha kopi, baki na orijino, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya malalamishi yako.

Kukiwa na kifo mambo yanabadilika. Sheria ya IPOA, kifungu cha 25, inawataka polisi waiarifu IPOA wenyewe kila mtu anapokufa au kuumia vibaya mikononi mwao, lakini usingojee, piga simu wewe. Na usikubali kuzika kabla ya posmotemu. Najua sie Waislamu tunataka maiti isilale, nimesimama na baba mmoja nje ya mochari nikamwomba asubiri siku moja tu na ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote nilichowahi kumwomba mtu. Ila kumbuka Kwekwe Mwandaza wa Kinango, msichana wa miaka 14, alipigwa risasi na polisi Agosti 2014, wao wakasema aliwavamia na panga. Alikuwa ashazikwa, ikabidi afukuliwe ndo mwili upimwe upya. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka 7 kila mmoja. Au Albert Ojwang, Juni 2025, alikufa akiwa mikononi mwa polisi, stesheni ya Central Nairobi, taarifa ya kwanza ya polisi ikawa amejigonga ukutani, ni posmotemu ndo iliyosema majeraha yale si ya mtu kujigonga. Familia ina haki ya daktari wake kuwepo wakati wa upasuaji, na shirika la IMLU hufanya kazi hio ya kutafuta wanapatholojia huru, waulizeni mapema. Kwa msaada wa mashirika ya haki za binadamu, huku Pwani kuna Haki Africa na MUHURI, Nairobi kuna Kituo cha Sheria na vile vituo vya haki vya mitaani kama cha Mathare.

Usalama wako nao si jambo la kuweka mwisho, mie nimeliweka hapa lakini lifikirie kuanzia siku ya kwanza. Josephat Mwendwa alikuwa mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na askari 2015 akapeleka malalamishi IPOA. Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko, yeye na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa, wakauawa, miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Afisa yule aliyelalamikiwa ndiye aliyehukumiwa kifo Februari 2023, wengine wakapata vifungo vya miaka mingi. Sisemi hivi kukutisha uache. Nasema ukienda kortini usiende peke yako, badilisha njia, kuwe na mtu nyumbani anayejua umetoka saa ngapi na namba ya gari, na ukianza kupata simu za vitisho waambie IPOA siku hiyo hiyo wakupeleke kwa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi. Skrinshoti ya namba hio iweke.

Ukitaka fidia, hio ni kesi nyingine kando na IPOA, na muda unakimbia. Kuishtaki serikali kwa madhara ya aina hii una miezi 12 tangu tukio, kwa hivyo ukikaa kungoja uchunguzi uishe kwanza unaweza kuamka mwaka umepita. Mwone wakili mapema, Kituo cha Sheria huwasaidia wasiojiweza.

Alafu kutakuja wazee. Karibu kila mara wanakuja, jioni, wametumwa na mtu, na maneno ni yale yale, huyu askari ana watoto, tuelewane, kuna kitu kidogo hapa cha kumalizia dawa. Familia ikiwa haina hata ya unga siwezi kumhukumu anayeiangalia ile bahasha mara mbili. Lakini usitie sahihi karatasi yoyote usiku huo, hata ikiwa umeambiwa ni ya kuonyesha tu mmezungumza. Wakaribishe chai, sikiliza, chukua majina yao, wakishaondoka fungua lile daftari uandike saa waliyoingia na kiasi walichotaja, na asubuhi mpigie afisa wa IPOA anayeshika faili yako umsomee.