Mkaa amilifu kwenye tangi la matumbawe: weka kidogo, osha sana, badilisha mapema

Maji ya tangi la matumbawe hugeuka manjano polepole mno, hata anayeyatazama kila siku haoni. Chota maji ya tangi kwenye ndoo nyeupe, weka kando yake ndoo nyingine nyeupe yenye maji mapya ya chumvi, kisha zitazame zote mbili kutoka juu. Kama ile ya kwanza inafanana na chai iliyozimuliwa, mkaa amilifu una kazi ya kufanya.

Rangi ile hutokana na mabaki ya mwani, chakula na kamasi za matumbawe yanayooza na kuyeyuka majini. Mkaa amilifu huinasa kwa sababu umetobolewa kwa joto kali na mvuke hadi gramu moja ikawa na uso wa ndani wa mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000. Molekuli za kikaboni hupita kwenye vitundu hivyo na kunata kwenye kuta zake. Kwa njia hiyo hiyo mkaa hunasa harufu, dawa nyingi za samaki, na sumu ambazo matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia humwaga majini ili majirani wasiyasogelee. Tangi lenye matumbawe laini na magumu pamoja ndilo linalofaidika zaidi.

Mkaa hauondoi amonia, nitriti, nitrati wala fosfeti kwa kiasi cha maana. Mwenye shida ya nitrati asipoteze fedha zake hapa.

Kuchagua

Mkaa wa vifuu vya nazi una vitundu vidogo sana, hivyo ni hodari kwa molekuli ndogo na gesi. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe una mchanganyiko wa vitundu vikubwa na vidogo, na ndio unaofaa zaidi kuondoa umanjano. Zaidi ya malighafi, angalia ugumu: sugua punje chache kati ya vidole viwili. Zikiacha unga mweusi mwingi, tafuta nyingine. Punje ngumu za milimita 0.8 zilizooshwa kwa asidi hugharimu zaidi, lakini hutoa vumbi kidogo na hunasa haraka.

Baadhi ya mikaa huachia fosfeti. Weka kijiko kikubwa kimoja kwenye mililita 100 za maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kupitishwa kwenye utando mwembamba), acha usiku kucha, chuja, kisha pima fosfeti kwa kipimo chako cha kawaida. Ikionekana wazi, mkaa huo usiingie tangini.

Kiasi

Kwa punje za kawaida, anza na mililita 1 kwa kila lita ya maji halisi. Kwa punje ndogo ngumu, nusu yake inatosha. Maji halisi maana yake ni baada ya kutoa mawe na mchanga: tangi la lita 200 mara nyingi hubeba lita 160 hadi 170 tu, kisha jumlisha yaliyomo kwenye tangi la chini, yaani tangi la pili lenye vifaa vya kuchujia. Pima kwa kikombe chenye alama. Watu wengi hukosea kwa kukadiria kwa jicho, na jicho hupenda kuzidisha.

Kama tangi halijawahi kutumia mkaa, au limekaa miezi bila huo, usiweke kiasi chote siku moja. Maji ya manjano hufyonza mwanga wa bluu na wa urujuanimno. Yakisafika ghafla, matumbawe hupokea mwanga mkali kuliko waliouzoea na huanza kupauka ndani ya siku chache, huku mwenyewe akihangaika kupima chumvi na alkalini bila kuona kosa lolote. Weka robo ya kiasi wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, kisha kamili. Ukiweza, punguza taa kwa takriban robo na uzirudishe taratibu ndani ya wiki mbili au tatu.

Kuosha

Hapa ndipo uvivu huadhibiwa. Tia mkaa kwenye mfuko wa wavu wenye matundu madogo kuliko punje, uzamishe kwenye ndoo ya maji ya RO, tikisa taratibu, mwaga, rudia. Usiukamue wala kuusugua, kwa kuwa utazalisha vumbi lile lile unalojaribu kuliondoa. Maji yakishakuwa angavu, uache umelowa saa kadhaa ili hewa iliyo ndani ya vitundu itoke. Punje zenye hewa huelea na maji huzikwepa. Kisha osha mara moja zaidi. Ukitumia riakta, yaani chombo ambamo pampu husukuma maji kupitia mkaa, elekeza bomba la kutokea kwenye ndoo na uiendeshe hivyo hadi maji yatoke bila weusi, ndipo uiunganishe na tangi.

Vumbi hili si suala la sura tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu samaki aina ya kangaja, Acanthurus bahianus, ulihusisha uchujaji wa maji yote kwa mkaa na ugonjwa wa kumomonyoka ngozi kichwani na kwenye mstari wa ubavuni. Vumbi ni mshukiwa mkubwa, ingawa lishe duni nayo hutajwa. Kwa tangi lenye kangaja, tumia punje ngumu tu, weka kiasi cha chini, na ukiona vishimo vyeupe karibu na macho, ondoa mkaa wote kwanza kabla ya kufikiria dawa.

Mahali pa kuuweka

Njia rahisi ni mfuko, mradi maji yalazimike kupita ndani yake. Mfuko uliotupwa sakafuni mwa tangi la chini hufanya kazi kidogo sana, kwani maji hupita pembeni. Utandaze kati ya kuta za kioo zinazogawa tangi la chini, ambapo mkondo ni mkubwa, baada ya sponji au soksi ya kuchujia ili uchafu usizibe vitundu. Usiujaze hadi ukabana.

Riakta hunasa vizuri zaidi lakini hudai uangalifu. Weka sponji chini na juu, jaza nusu hadi theluthi mbili, maji yaingie kutoka chini. Fungua vali kidogo kidogo hadi punje za juu zitikisike kwa shida. Zikianza kuzunguka kama uji unaochemka, zinasagana na kutoa unga. Maji yatokayo yaelekeze kwenye sehemu yenye skima ya protini (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), si moja kwa moja kwenye pampu ya kurudishia maji. Tangi likitumia ozoni, gesi kali ya kusafishia maji, maji yanayotoka kwenye ozoni yapitie mkaa kabla hayajawafikia wanyama.

Kubadilisha

Wiki tatu hadi nne kwa tangi la kawaida. Wiki mbili kwa lililosheheni matumbawe laini. Bora kubadilisha nusu kila wiki mbili kuliko kubadilisha wote baada ya miezi miwili: maji hayapigi kona ya ghafla, wala mwanga. Andika tarehe kwenye kifuniko cha riakta kwa kalamu isiyofutika. Kadi nyeupe ya plastiki iliyopakwa manjano hafifu upande mmoja husaidia pia: ishikilie mwisho mmoja wa tangi, itazame kutoka mwisho wa pili. Usipoweza kutofautisha pande zake, mkaa umechoka.

Mkaa uliochoka hauachilii sumu zote kwa mkupuo kama inavyodaiwa mara nyingi. Unageuka tu kuwa makazi ya bakteria na mtego wa takataka. Kuuchoma kwenye oveni hakuurudishi. Kazi hiyo huhitaji joto la mamia mengi ya digrii pamoja na mvuke, ambalo jiko la nyumbani halifiki. Tupa.

Dawa na dharura

Kabla ya kutia dawa yoyote, toa mkaa, la sivyo utaitibu punje. Matibabu yakiisha, weka mkaa mpya kufuta mabaki. Shaba ni tofauti: mkaa hauiondoi kwa kutegemewa, na tangi la matumbawe halipaswi kuiona kabisa, tibia samaki kwenye tangi la karantini.

Jongoo bahari akifa, au matumbawe laini yakikatwa na kumwaga kamasi, au mtu akipuliza dawa ya wadudu chumbani, weka kiasi kamili cha mkaa mpya kwenye mkondo mkali, badilisha robo ya maji, na uutoe mkaa huo baada ya siku mbili au tatu hata kama unaonekana mzima. Ikiwa ni Palythoa iliyojeruhiwa, kiumbe wa jamaa ya matumbawe mwenye sumu kali, vaa glavu na miwani unaposhika mkaa huo, funga kwenye mfuko wa plastiki, wala usiumwagie maji ya moto: mvuke unaweza kubeba sumu yake hadi mapafuni.