Ukristo wa Jumatatu: anzia kwenye hela

Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili kila mtu Mkristo, suti imenyooshwa, Biblia kwapani, kwaya ikiimba unatoa machozi kabisa, ngoma inakuja Jumatatu asubuhi ukishafungua duka. Mi nauza nafaka sokoni kwahiyo naongea nnachokijua, na ninachoshauri usikimbilie kufunga siku 40 wakati hela yenyewe inakuumbua. Anza na hela.

Cha kwanza kipimo. Kama unapimia kwa kopo hebu ligeuze uangalie kitako, kuna makopo yamegongwa yakabonyea kwa ndani makusudi, mteja anaona limejaa kumbe kapunjwa. Mi nilitumia la hivyo karibu mwaka mzima na zaka natoa, sijui nilikua namdanganya nani. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, haijasema isipokua biashara ikiwa ngumu. Tupa hilo kopo, tafuta mizani, watu wa Wakala wa Vipimo waikague. Na kama unanunua kwa wakulima achana na lumbesa, yani mtu kalima miezi yote alafu we unashonea kichuguu juu ya gunia unamlipa bei ya gunia moja!! Pima kilo, lipa kilo.

Alafu mishahara. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kwasababu ni maskini na moyo wake uko kwenye hiyo hela. Sasa dada wa kazi miezi miwili unamwambia "nakutunzia", unamtunzia wapi na ada umeshalipia? Dawa yake ndogo tu, hela ikiingia ya dada inatoka kwanza, kabla ya vocha, kabla hata ya sadaka. Kama kweli huna mwambie mapema na umtajie siku.

Hela imeingia kwenye simu kimakosa? Usiitoe. Ila pia usimrushie yeyote anayekupigia analia, matapeli wengi, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake wairudishe wenyewe, we iache ilale hapohapo.

Magrupu ya maombi nayo, mtu kaandika mtoto kalazwa, zinashuka "amina" arobaini na hakuna aliyetuma hata jero. Yakobo 2:16 soma mwenyewe. Andika amina yako sawa, alafu uliza wodi namba ngapi na ubebe chupa ya uji.

Ngumu kuliko zote ni kurudisha ulichokula. Zakayo alisema aliyemdhulumu anamrudishia mara nne, mi wateja wa lile kopo wote ningewapata wapi, ila wale wa mtaani ninaowakumbuka nikawa kila wakija nawaongezea kilo. Mama mmoja akaniuliza kulikoni leo, nikamwambia ukweli wote, akacheka sanaaa, alafu akahamia duka la jirani. Miezi mitatu sijamuona. Juzi karudi kuchukua maharage kilo mbili, hakusema kitu, macho kwenye mizani mpaka mshale ukatulia.