Dirisha Halifunguki Kupitia SSH? Anza na DISPLAY

Umeingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kutumia mashine ya mbali), ukaita programu yenye dirisha, ukajibiwa `Error: Can't open display`. Usikimbilie kusakinisha kitu upya. Mara nyingi tatizo ni dogo, ila watu hulitafuta upande usio wake.

Chanzo cha mkanganyiko ni hiki: katika mfumo wa X, ule unaochora madirisha ya programu kwenye Linux na Unix, seva ni mashine iliyo mbele yako. Ndiyo yenye skrini, kibodi na kipanya. Programu iliyo mbali ndiyo mteja, inabisha hodi kwako ikiomba kuchorewa dirisha. SSH kazi yake ni kuupitisha ujumbe huo salama.

Hatua ya 1: Kagua kwako kwanza. DISPLAY ni kigezo kinachoiambia programu ichore dirisha kwenye skrini ipi. Kabla ya kuunganisha, kitazame kwa `echo $DISPLAY`. Pakiwa patupu hapa, SSH haina cha kupitisha. Kwenye Mac washa XQuartz, programu inayofanya kazi ya seva ya X. Kwenye Windows, VcXsrv au Xming. Kisha:

`ssh -X jina@seva`

Angalia herufi: `-X` kubwa huwasha upitishaji wa madirisha; `-x` ndogo huuzima kabisa.

Hatua ya 2: Uliza swali lilelile ukiwa kule. Andika tena `echo $DISPLAY`. Jibu zuri ni hili:

`localhost:10.0`

Hiyo 10 ina maana. SSH huanza kuhesabu hapo ili isigongane na skrini halisi za mashine ile, na nyuma yake kuna poti 6010. Ukiiona, njia imeshafunguliwa.

Ukiona `:0`, fungua `.bashrc` yako kule (faili la amri zinazoendeshwa unapoingia). Karibu kila mara utakuta mtu, pengine wewe mwenyewe, aliandika `export DISPLAY=:0` siku alipokuwa anahangaika. Mstari huo unafuta thamani sahihi kila unapoingia, na programu inaelekea kwenye skrini ya mashine ya mbali badala ya yako. Ufute. Nakusihi, DISPLAY usiipange kwa mkono ndani ya SSH; mwachie SSH mwenyewe.

Hatua ya 3: Ikiwa tupu kule. Seva ya SSH, yaani mashine ya mbali, haijakubali. Kagua:

`sudo sshd -T | grep -i x11`

Unataka `x11forwarding yes`. Kama ni `no`, irekebishe kwenye `/etc/ssh/sshd_config`, anzisha upya huduma ya SSH, toka, kisha uingie tena. Hakikisha pia programu ya `xauth`, inayotunza ufunguo wa kuruhusu madirisha, ipo kule. Seva nyingi zilizosakinishwa kwa uchache hazina, na bila hiyo hakuna dirisha. Ikiwa IPv6 imezimwa kwenye seva na bado unakataliwa, ongeza `AddressFamily inet` kwenye faili hilohilo.

Hatua ya 4: DISPLAY ipo, lakini unakataliwa. Hapo ni suala la ufunguo. Kila unapoingia, `xauth` huandika ufunguo wa siri kwenye `~/.Xauthority`, na programu lazima iuonyeshe. Ukitumia `sudo` unakuwa mtu mwingine, asiye na ufunguo huo. Mpe, ukijaribu na `xclock`, programu ndogo ya saa:

`sudo DISPLAY=$DISPLAY XAUTHORITY=$HOME/.Xauthority xclock`

Kuna siku nilipoteza karibu saa nzima nikipekua mipangilio iliyokuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimepuuza mstari mmoja uliopita haraka wakati wa kuingia, ukisema `xauth` imeshindwa kuandika faili lake. Diski ilikuwa imejaa. Nilifuta logi za zamani, nikatoka na kuingia tena, dirisha likafunguka. Tangu siku hiyo `df -h`, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, naiandika mapema.

Hatua ya 5: Ilifanya kazi, kisha ikakataa. Kwa kawaida, ruhusa ya `-X` hudumu dakika 20; baada ya hapo madirisha mapya hukataliwa. Unaweza kurefusha muda kwa `ForwardX11Timeout` kwenye `~/.ssh/config` yako, au kutumia `-Y`. Lakini `-Y` huipa mashine ya mbali imani kamili: mwenye mamlaka ya root kule anaweza kusoma unachoandika kwenye kibodi yako, manenosiri yakiwemo. Itumie kwa mashine unayoiamini tu.

Wakati wote huu jaribu kwa `xclock`, si kwa programu nzito. Saa ikitokea na programu yako isitokee, SSH umemalizana naye. Soma makosa ya programu yenyewe.