Kuku na masika ya Dar: ya kufanya Februari

Februari jua la Dar linawaka mpaka kuku wanatembea wamepanua mabawa na kuacha midomo wazi. Mwambie mtu huu ndio wakati wa kuandaa banda kwa ajili ya baridi, ataona jua limekupiga wewe. Lakini masika huanza Machi, Aprili ndio kilele, na ikishaanza kunyesha fundi bati hapatikani, maranda yanauzwa yamelowa, na kila kitu unakifanya usiku, tochi mdomoni.

Tukubaliane jambo moja kwanza: baridi ya hapa haimuui kuku mkubwa. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, ana manyoya, na hata Julai usiku wa Dar hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi, basi. Kwenye nchi za theluji kuku wa nyumbani wanalala chini ya sifuri na wanaamka salama. Wafugaji wazoefu wa huko wanaogopa unyevu ndani ya banda, kwa sababu ndio unaozidisha hatari ya upanga wa kuku kuganda na kufa. Kwetu hakuna kuganda, ila unyevu ni ule ule: unaleta mharo wa damu, unachokoza mafua, unaotesha ukungu kwenye chakula. Kwa hiyo ukikagua banda, uliza maji yatapita wapi na hewa itapita wapi. Joto waachie wenyewe, isipokuwa vifaranga, na hao nitawafikia.

Anza juu. Ingia bandani saa sita mchana, ziba nyavu za pembeni kwa turubai au khanga kuukuu, funga mlango, subiri macho yazoee giza, kisha tazama bati. Kila tundu la msumari litajionyesha lenyewe. Litie alama ya chaki hapo hapo, maana ukitoka nje hulioni tena. Upenu nao uangalie, hasa upande wa kusini, kwa kuwa masika yanapokolea upepo wa kusi unaanza na mvua inaingia kwa ubavu. Upenu wa shubiri moja ni pambo tu.

Maji ya chini yanategemea unakaa wapi. Kimara au Goba yanakuja kutoka kwa jirani wa juu, basi chimba mtaro upande huo, na usiuelekeze ukutani kwa jirani wa chini, kesi zake haziishi. Sakafu ya banda iwe juu ya ardhi walau sentimita 30. Ukiwa kando ya Msimbazi, Kigogo au Jangwani, mtaro hausaidii kitu. Nunua matenga ya kubebea kuku mapema, na ongea na ndugu anayekaa mlimani kabla maji hayajafika magotini.

Sasa mapazia, ambapo wengi tunaharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilishona viroba, nikaziba pande zote nne juu hadi chini, nikalala nimejisifu. Asubuhi nafungua mlango, macho yakanitoka machozi kama nimekata vitunguu kilo nzima. Ile ni amonia, hewa inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa. Wiki haikuisha kuku wakaanza kukoroma. Pazia la banda hufungwa kwa chini na kupandishwa kwenda juu, ili hata likipandishwa sana ibaki nafasi chini ya bati, hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga kuku mgongoni. Na ukitaka kujua hali ya hewa ya mle ndani, chuchumaa. Pua yako ikiwa mita moja na nusu juu haikwambii anachovuta kuku.

Maranda tafuta sasa, yakiwa makavu. Mafundi seremala wa Keko wana mengi, na pumba za mpunga pia zinafaa. Unga wa msumeno mimi siutaki, una vumbi na vifaranga wanaudonoa. Tandaza unene wa nchi 2 hadi 4, na weka magunia mawili ya akiba mahali pasipovuja. Mvua ikiwa inaendelea, chota mkono mmoja wa maranda ubinye. Yakishikana yakabaki tonge, yameshalowa, yatoe. Yakishikana kidogo kisha yakamomonyoka, bado mazuri. Palipolowa pakiwa na joto, vijidudu vya koksidiosisi, yaani ule mharo wa damu, vinakomaa ndani ya siku moja au mbili, na waathirika wakubwa ni vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Mara nyingi chanzo hata si bati, ni chombo cha maji kilichowekwa chini. Kiinue kilingane na mgongo wa kuku.

Vifaranga wa siku moja wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Umeme ukikatika saa nane usiku na mvua inanyesha, wanarundikana na wa chini wanakosa pumzi. Kwa hiyo chungu na mkaa viwe tayari. Mkaa uwashiwe nje mpaka moshi uishe na uwe mwekundu wote, ndipo uingie ndani, na pawe na uwazi wa hewa juu. Hata bila moshi mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale chumba kimoja nao wewe wala watoto. Kama huwezi kusimamia hayo, usilete vifaranga Aprili. Subiri Juni.

Chanjo haipigwi siku mvua inaanza, mwili unataka wiki mbili hivi kujenga kinga. Ndui huenezwa na mbu, na mbu wa masika unawajua. Chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa, na baada ya siku 7 hadi 10 pakiwa na kijivimbe ujue imeshika. Ya kideri, ile ya tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3. Chanjo ya kunywesha usiiweke kwenye maji yenye klorini, utakuwa umewanywesha maji tu. Bwana mifugo wa kata akueleze ratiba ya kuku wako.

Chakula nunua cha wiki mbili tu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Dagaa walioanikwa kipindi cha mvua wanuse kabla hujalipa. Pumba iliyoshikana mabonge na kunuka uvundo usiikaushe ukawapa, sumu ya ukungu haitoki kwa jua.

Mwisho siafu. Ardhi ikilowa wanahama, na banda la vifaranga wanalimaliza usiku mmoja. Miguu ya banda iwe ndani ya makopo yenye oili chafu, uyachungulie kila mvua kubwa ikipita, maana maji yakijaa oili inaelea na kumwagika yote.